Pikapu Iliyonyamaza: Shajara ya Agosti

Jumatatu, 4 Agosti

Soja wa geti amenisimamisha saa kumi na moja na nusu alfajiri kuniambia kwamba jirani wa nyumba ya kona amelalamika. Gari langu linamwamsha mtoto wake. Nimeomba radhi, nikawasha taa, nikaondoka kwenda Wangige kuchukua mayai.

Kelele yenyewe naijua. Ilianza mwezi wa Juni: tik-tik-tik nyembamba juu ya injini, kama cherehani inayoshona chumba cha pili, ikiongeza kasi kila nikiongeza mafuta. Pikapu yangu ni Isuzu ya zamani, injini ya 4JA1, dizeli ya lita mbili na nusu. Nimeiendesha miaka tisa. Imesomesha watoto wawili na sasa inamsomesha wa tatu. Ikitoa mlio mpya, mimi silali vizuri.

Trei 80 leo. Nimegonga tuta Kinoo ambalo sikuliona gizani, mayai kumi na moja yakapasuka. Nimeyabeba nyumbani kwenye sufuria.

Jumanne, 5 Agosti

Baada ya kugawa mayai nimepitia kwa fundi wa kando ya barabara, Kangemi. Ni kijana mwenye adabu, ananiita mama, na ananawa mikono kabla ya kushika usukani wa mtu. Ameinua boneti, akasikiliza, akasema, "Mama, hizi ni tapeti tu. Nipe nusu saa."

Injini ilikuwa bado moto. Amefungua kava, akaiwasha, roka zikawa zinacheza mbele yetu na oili ikiruka mpaka kwenye shati lake. Kisha amezifuata moja moja kwa spana na bisibisi: analegeza nati, anakaza skrubu mpaka mlio upotee, halafu anaongeza robo ya mzunguko. Nimemuuliza hiyo robo ni ya nini. Amesema ni ya kushikilia, isilegee tena upesi. Hakutumia kipimo chochote, alitumia sikio.

Nimemlipa 1,500. Nimerudi nyumbani Mountain View injini ikinguruma laini kabisa. Soja amenipigia saluti. Nimelala mapema.

Jumatano, 6 Agosti

Haikuwaka mara ya kwanza. Wala ya pili. Mara ya tatu imewaka kwa kutetemeka, ikatoa moshi mweupe mzito uliovuka ukuta na kutua kwenye nguo za jirani zilizoachwa kwenye kamba tangu jana. Mashuka mawili na sare ya shule. Nimeacha ujumbe kwa soja kwamba nitazifua mimi.

Nimefikiri ni baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na alfajiri ya Agosti huku upande wa Kabete bonde zima huwa na ukungu. Dizeli haipendi baridi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mara ya tano ndipo imewaka.

Kupanda Uthiru kuelekea Gitaru, ambako kwa kawaida naenda na gia ya nne pikapu ikiwa tupu, leo imeomba ya tatu, na baadaye ya pili. Malori ya Naivasha yamenipita. Mikokoteni ndiyo sijui kama ingenishinda, sikukutana nayo. Nimefika Wangige nimechelewa kwa dakika arobaini, na mteja wangu wa mkahawa kule Westlands amepiga simu kusema amenunua kwingine kwa leo. Trei 12 zimebaki mikononi mwangu.

Kelele hakuna. Nimezima redio makusudi nisikie vizuri. Injini imetulia kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Betri imekufa saa kumi na moja na dakika ishirini, stata ikiwa imezungushwa mpaka imechoka. Soja, mwanangu na jirani wa nyumba ya kona wamesukuma. Jirani alikuwa amevaa suti, anaelekea kazini mjini. Imeshika karibu na geti na moshi wote umemwendea yeye. Amesema si neno. Sikujua la kumwambia.

Jumamosi, 9 Agosti

Fundi wa umeme amebadilisha hita plagi zote nne. Za zamani zilikuwa zinafanya kazi, nimeziona mwenyewe zikiwa nyekundu alipozijaribu kwenye betri, lakini alikuwa tayari amefungua pakiti mpya. Nimelipa. Jioni, injini ikiwa na joto, imewaka bila shida, kwa hiyo tumeagana kwa furaha.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi haikuwaka. Tumeenda kanisani kwa miguu.

Baada ya ibada nimemkuta mzee anayekaa nyuma ya soko la Kangemi, aliyefanya kazi ya malori maisha yake yote. Alisomea ufundi hapa hapa juu kwetu, Kabete, kwenye chuo kilichoanzishwa 1924 kuwafundisha Waafrika kazi za mikono na ambacho leo ni chuo cha kitaifa cha ufundi. Siku hizi hafanyi kazi za pesa. Nimemweleza yote: moshi, betri, hita plagi, mlima wa Uthiru. Amenisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kelele ilinyamaza siku gani, mama?"

Nimesema Jumanne.

"Na taabu ya kuwasha ilianza siku gani?"

Nimesema Jumatano. Nimejibu na papo hapo nikaona aibu, kwa sababu siku hizo mbili nimeziandika humu zikifuatana na sikuwa nimeziunganisha.

Amechukua kijiti akachora chini. Vali, alisema, ni mlango wa chumba cha moto. Roka ndiyo mkono unaousukuma ufunguke. Mlango ukijifunga, kati ya mkono na mlango lazima ibaki nafasi, kwa sababu vyuma vikipata moto hurefuka. Nimepiga hesabu nyumbani kwa kitabu cha fizikia cha mwanangu: chuma cha sentimita kumi kikiongezwa joto la nyuzi 300 hurefuka karibu theluthi moja ya milimita. Nafasi ya injini yangu, ikiwa baridi, ni milimita 0.40, vali za hewa na za moshi sawa. Ni kama karatasi nne za kuchapishia zilizobanwa pamoja. Nafasi ikizidi, mkono hugonga mlango, tik-tik-tik, na mlango hufunguka kuchelewa na kidogo. Hiyo ni hasara, lakini hasara inayopiga kelele. Nafasi ikiisha, mkono hauachilii mlango. Vali haifungi hadi mwisho. Hapo husikii lolote.

Na dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel alipofaulu kuendesha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, siri yote ilikuwa kubana: bana hewa mpaka iwe moto kuliko tanuri, rushia mafuta, yatawaka yenyewe. Injini yangu hubana takriban mara 18. Vali ikiwa imeachama hata unywele, hewa inayobanwa hutorokea hapo, joto halifiki, mafuta hayawaki, yanatoka mazima mazima yakiwa moshi mweupe na kutua kwenye mashuka ya watu.

Mzee amesema kitu kingine ambacho kimenikosesha usingizi. Vali ya moshi hupoa kwa kukalia kiti chake. Kila inapofunga, joto lake huhamia kwenye hedi na kuondoka na maji. Ikizuiwa kukaa, haipoi. Inaungua ukingoni, kidogo kidogo, kila kilomita. Nimeipandisha Uthiru siku nne hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Tulipatana saa mbili asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa sababu kipimo cha 0.40 ni cha injini baridi. Saa moja na nusu mwanangu, aliye likizoni, ameamua kunisaidia. Ameomba vijana watatu wakasukuma, ameiwasha, ameiacha ikiunguruma dakika ishirini "ipate joto kabla fundi hajafika".

Mzee amegusa hedi kwa kiganja, amekunywa chai, amerudi nyumbani. Mwanangu nimemwambia asante, kisha nimemweleza. Kesho mzee ana kliniki. Tumesogeza mpaka Jumatano. Mayai ya leo na kesho nimekodi gari la mtu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepanda matatu mpaka mjini, nikatembea hadi Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, kununua gasketi ya kava na fila. Kwa wasiojua, fila ni kifurushi cha bapa za chuma, nyembamba kama jani la mgomba mbichi na nyingine nene kama ukucha, kila moja imepigwa chapa ya unene wake. Zinakunjuka kama upepeo.

Duka la kwanza gasketi ilikuwa ya injini nyingine. La pili walikuwa nayo. Fila ya kwanza niliyouziwa chapa zake zilikuwa zimefutika, nimegundua nikiwa tayari kwenye foleni ya matatu na nimerudi. Muuzaji amebadilisha bila maneno. Hii mpya imeandikwa 0.40 na chini yake .016, ambayo ni ile ile kwa inchi. Mwanangu jioni amesoma hiyo 16 akadhani ni milimita 0.16, akawa ameshachomoa bapa nyingine. Nimefunga uzi mwekundu kwenye bapa yetu.

Jumatano, 13 Agosti

Nitaandika siku hii kwa urefu.

Saa mbili kasoro. Hedi baridi kama jiwe la kusagia. Mzee amekaa kwenye stuli karibu na bampa na kusema, "Mikono yangu hutetemeka asubuhi. Utashika wewe, mama. Mimi nitaangalia." Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nimefunga leso kiunoni na kuanza.

Kava imetoka. Ndani kuna roka nane zimepangwa mstari mmoja kwenye fimbo, silinda nne, kila silinda na vali mbili. Mzee amenionyesha jinsi ya kuipima afya ya roka kwa vidole: ukiishika kichwa na kuitikisa, roka yenye nafasi hucheza kidogo, hutoa mlio mdogo. Nimeitikisa ya kwanza. Imara kama nguzo. Ya pili vivyo hivyo. Bila shaka nyingine zilipaswa kuwa zimebanwa, kwa kuwa kila wakati kuna kamu inayozisukuma. Lakini tulipozungusha injini polepole na kuzipima zote kwa zamu, sita kati ya nane hazikuwahi kuachia hata mara moja.

Kuzungusha ndiko kulikoleta taabu ya kwanza. Mwanangu alikuwa chini na spana kwenye bolti ya krenki, anavuta mpaka mishipa ya shingo imetoka. Gari lilikuwa kwenye gia. Nimeitoa, spana ikazunguka ghafla, akajigonga kiwiko kwenye redieta. Amepumzika dakika tano.

Alipozungusha tena, mzee ameniambia niinamishe sikio karibu na bomba la kuvuta hewa. Injini nzima ya dizeli ukiizungusha kwa mkono hukataa: kila silinda ikifika kubana, spana huwa nzito na husimama. Hii ilipita mahali pake pa kusimama, laini, na ndani ya bomba nikasikia ssss, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Mwanangu akahamia nyuma kwenye ekzosi, mimi nikazungusha. Huko pia ssss. Sauti hiyo ilikuwepo wiki nzima chini ya ule utulivu nilioulipia.

Sasa kupanga. Kwenye puli ya krenki kuna alama. Ikikutana na ncha iliyo kwenye kasha la gia, pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Lakini iko juu kwa sababu gani? Pistoni hufika juu mara mbili katika kila kazi yake, mara moja ikimaliza kubana na mara moja ikimaliza kufukuza moshi, na ni ile ya kubana pekee inayofaa, kwani hapo vali zake zote mbili zinatakiwa ziwe zimefunga. Kitabu kinasema utajua kwa kushika roka za silinda ya kwanza: zikiwa zimelegea, uko sawa. Zetu hazikuwa zimelegea popote. Tulikaa kimya tukiitazama injini.

Mzee ndiye aliyepata njia. "Usiangalie ya kwanza. Angalia ya nne." Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja, moja ikibana nyingine inapokezana moshi na hewa. Kwa hiyo mwanangu alizungusha taratibu nami nikaweka macho kwenye roka za nne: ya moshi ikawa inapanda, inafunga, na kabla haijamaliza ya hewa ikaanza kushuka. Kama watu wawili kwenye mzani. Katikati ya mzani huo alama ikakutana na ncha. Ya kwanza iko kwenye kubana. Mwanangu akapitiliza kidogo kwa furaha, mzee akamkataza kurudisha nyuma, tukazungusha raundi mbili nzima upya.

Hapo zinapangwa vali nne: mbili za silinda ya kwanza, ya hewa ya silinda ya pili, na ya moshi ya silinda ya tatu. Kisha krenki inazungushwa duara moja kamili, na zinapangwa nne zilizobaki: ya moshi ya pili, ya hewa ya tatu, na zote mbili za nne. Nimeziandika kwenye kadibodi ya trei ya mayai na kuweka alama kila nilipomaliza moja.

Nimelegeza nati ya kwanza. Nimerudisha skrubu nyuma, nikasikia roka inapumua. Sina neno jingine. Nimeingiza bapa yenye uzi mwekundu kati ya roka na kichwa cha vali, nikakaza skrubu taratibu mpaka bapa ikaanza kushikwa. Mzee amesema mvuto unaotakiwa ni kama kisu kinachotoka kwenye ugali uliopoa: kinatoka, lakini ugali unakijua. Nikikaza zaidi bapa inagoma na kujikunja. Nikilegeza inapita bila kugusa. Kati ya hayo mawili kuna mahali padogo sana, na vidole vinapajua kabla ya kichwa.

Nimepapata, nikakaza nati, nikajaribu tena bapa. Imegoma. Nati ilipokuwa inakaza ilizungusha skrubu pamoja nayo. Mzee alikuwa anangoja nigundue. Nimelegeza, nimerudia, safari hii bisibisi ikishikilia skrubu isiende popote. Imekubali. Vali ya kwanza imenichukua dakika kumi na sita. Ya nane, dakika tatu.

Saa tano, nikifuta hedi, wosha moja ya kava imeniponyoka na kuingia kwenye tundu la pushrodi. Sote watatu tumeisikia ikishuka, tiing, halafu ikanyamaza. Ikifika kwenye oili chini, kazi ni kushusha sampu. Mwanangu amemulika kwa simu: ilikuwa imekaa kwenye kijukwaa kidogo, karibu shibiri moja chini. Mzee ameagiza spoki ya baiskeli. Soja ana baiskeli. Amekubali kutoa moja, ya gurudumu la nyuma. Tumepaka grisi nzito kwenye ncha, nikaishusha huku nimezuia pumzi, ikagusa, ikanata, ikapanda. Imeanguka mara moja karibu na mdomo wa tundu na kurudi pale pale kwenye kijukwaa. Mara ya pili imetoka. Soja nimemlipia spoki mpya.

Gasketi mpya, kava, mabomba. Betri ilikuwa imechajiwa. Mzee ameniambia niwashe mimi. Nimesubiri taa ya hita izime, nikazungusha ufunguo.

Mara ya kwanza.

Na kule juu, tik tik tik. Nyepesi, sawasawa, zote nane kwa sauti moja, kama mvua inayoanza kwenye bati. Nimemtazama mzee. Amesema, "Hiyo ndiyo sauti yake." Hakutaka pesa. Nimempa trei mbili za mayai na amebeba moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Imewaka mara ya kwanza, moshi hakuna. Uthiru kwa gia ya nne.

Wangige nimegundua oili imevuja kando ya hedi na kuchuruzika hadi kwenye ekzosi, harufu yake ndiyo iliyonijulisha. Kona moja ya gasketi haikuwa imekaa kwenye mfereji wake. Nimeendesha njia nzima ya kurudi vioo vikiwa wazi. Doa kubwa limebaki kwenye kabro za maegesho ya korti yetu; nimelisugua kwa sabuni ya unga na majivu mpaka saa tatu usiku. Linaonekana bado, lakini jepesi.

Ijumaa, 15 Agosti

Gasketi imekaa. Nimekaza kava kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, badala ya upande mmoja kwanza.

Mchana nimenunua fila nyingine na kumpelekea yule kijana wa kando ya barabara. Sikwenda kugombana. Nilifikiri njia nzima nitasemaje, na nikamwambia vilevile ilivyokuwa: siku ulipoinyamazisha ndiyo siku ilipoanza kuugua. Amekunjua bapa zote, akazihesabu. Amesema aliyemfundisha kazi hakuwa na hiki kitu, walikuwa wakitumia kipande cha msumeno wa chuma, na kazi ikiwa nyingi, sikio. Sikumlaumu. Na wateja, akasema, hulipia kelele iishe. Hilo ni kweli, mimi nililipa. Ameuliza kama anaweza kuja siku tukifungua tena.

Jumapili, 17 Agosti

Mashuka ya jirani nimeyarudisha, yamepigwa pasi. Mke wake amenionyesha mtoto.

Ijumaa, 22 Agosti

Mwanangu anajiandaa kurudi shule Jumatatu. Amechukua ile kadibodi yenye mpangilio wa vali kwenda nayo. Nimenakili yangu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili.

Jumamosi, 30 Agosti

Mzee alikuwa amesema turudi kupima baada ya wiki mbili, si kwa sababu kazi ilikuwa mbaya, ila kuona kama kuna vali inayosogea. Leo tulikuwa watatu: yeye kwenye stuli, mimi chini na spana ya krenki, na kijana wa Kangemi juu ya injini na fila yake, mikono ameinawa.

Ameanza na silinda ya kwanza. Bapa ya 0.40 ikaingia na kutoka, naye akatabasamu bila kuinua macho. Ya pili ya hewa, sawa. Akafika ya moshi ya tatu. Akasukuma, akageuza bapa, akasukuma tena.

"Hii imekataa, mama."

Amejaribu 0.35. Imekataa. 0.30 ndiyo iliyopita, kwa shida. Kwa wiki mbili imepoteza moja ya kumi ya milimita, wakati wenzake saba hawajasogea hata kidogo. Mzee ameinuka, akashika bapa mwenyewe, mikono ikitetemeka, akaivuta mara tatu. Vali hiyo iliungua zile siku ilizokuwa imebanwa, au kiti chake. Sasa kila siku inazama kidogo zaidi ndani ya hedi, na kadiri inavyozama shina lake linaisogelea roka na kuila nafasi. Tusingefungua, ndani ya miezi miwili ingekuwa imebanwa tena, yenyewe, bila mtu kuigusa, na bila mlio.

Kijana ameweka bapa chini. Amesimama muda akitazama ile roka moja. Mzee amemgusa bega, akamwambia airudishe 0.40 na aandike.

Hedi itashuka Oktoba. Desemba siwezi, mayai huwa mengi. Mpaka wakati huo tutaifungua kila Jumamosi ya pili, asubuhi, ikiwa baridi, na kupima ya moshi ya tatu. Kijana amesema atakuja bila malipo. Nimesema nitamlipa.

Nimeandika: na. 3 moshi, 30 Agosti, ilikuwa 0.30, imerudishwa 0.40. Kilomita pia. Jioni nimeiwasha na kusimama karibu na boneti kuzisikiliza. Zote nane zinasikika.